Doa la Kona ya Kitanda

Trela langu la kulala safarini, lile linalokokotwa na gari, nililinunua wakati wa kiangazi, na mtu akiniuliza mambo ya matrela yaliyotumika huwa naanzia hapo. Lilikuwa halijanyeshewa kwa miezi kadhaa. Sakafu ilikuwa kavu, mapazia yamefuliwa, makabati yamepakwa rangi mpya nyeupe, na ndani kulinukia manukato mazito ambayo siku ile niliyapenda. Siku hizi nikifungua mlango wa trela la mtu nikapokewa na manukato ya namna ile, nasimama kwanza.

Muuzaji alikuwa mtu mpole, amenizidi umri kidogo. Alituwashia jiko, akawasha taa zote, akafungua bomba tusikie pampu inavyonguruma. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye viti vya mezani, tukafungua kila droo, tukajilaza kitandani kuona kama miguu itatosha. Tulilikagua kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Juu ya paa hatukupanda, chini ya chasisi hatukuingia, na godoro hatukuliinua.

Wiki ya tano mke wangu aliinua godoro akitafuta hereni iliyomdondoka. Pale kwenye kona, ukuta wa mbele unapokutana na ukuta wa ubavuni, kulikuwa na doa la ukubwa wa kisahani, rangi ya kutu iliyofifia. Lilikuwa kavu. Nililibonyeza kwa kidole gumba, na ubao ukabonyea kama boksi la karatasi.

"Hili si la leo," alisema.

Nikamjibu kwamba ni maji yaliyomwagika zamani. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Jumamosi iliyofuata nilikata kipande cha plaiwudi kilicholegea, nikaweka kingine, nikapiga rangi, nikarudisha godoro. Mvua za kwanza ziliponyesha, doa lilirudi siku ya tatu, tena likiwa na wenzake wawili, moja chini ya dirisha na jingine ndani ya kabati la nguo.

Jirani yangu mmoja ni seremala aliyestaafu. Nilimwomba aje aone. Alilitupia doa jicho mara moja tu, akatoka nje, akasimama hatua kumi hivi kutoka kwenye trela, akawa analitazama kuanzia juu kushuka chini.

"Mwanangu, ngazi unayo?"

"Ipo, Mzee. Lakini maji yako kule chini, kitandani."

"Maji hupanda?" Akaningoja nijibu. Sikuwa na jibu. "Basi twende yalikoanzia."

Tangu siku ile, kila kitu kilichoniharibikia kwenye trela lile nimekishughulikia kwa swali hilo. Hitilafu ilijitokeza mahali pamoja na chanzo chake kikawa kwingine, wakati mwingine mita mbili mbali, wakati mwingine kwenye mfumo ambao nisingeudhania kabisa.

Paa lilikuwa la raba nyeupe. Kuzunguka mabomba ya hewa na kwenye mshono wa mbele, gundi ya kuzibia ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Juu ya nyufa hizo mtu alikuwa amepaka silikoni, ile ya bafuni. Mzee aliishika kwa kucha, ikabanduka yote kama ngozi ya jeraha linalopona. Silikoni haishiki vizuri kwenye raba ya paa, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ikishapita mahali, gundi yoyote utakayoweka juu ya mabaki yake nayo haitashika. Kwa hiyo mtu yule alikuwa ameacha nyufa zake na kutuongezea kazi ya kukwangua.

Lakini maji ya kitandani hayakuingilia paani. Juu kabisa ya ukuta wa mbele kulikuwa na taa ndogo ya njano, zile za kuonyesha kimo cha gari usiku. Raba ya nyuma yake ilikuwa imekakamaa, na tundu la skrubu moja lilikuwa limepanuka hadi kalamu ingeingia. Maji yaliingia hapo, yakashuka ndani ya ukuta kwa kufuata mti wa fremu, yakatua kwenye ubao wa chini, kisha yakaelekea kwenye kona iliyoinama kidogo. Kona hiyo ndipo tulipolaza vichwa.

Lazima nieleze jinsi kuta hizi zinavyotengenezwa, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini tundu dogo lina madhara makubwa namna ile. Ukuta wa trela langu ni fremu ya miti myembamba iliyojazwa povu la kuzuia joto na baridi, ndani kuna plaiwudi nyembamba, nje kuna ganda la faibaglasi lililobandikwa kwa gundi. Kila kona imefunikwa kwa ukanda wa alumini, chini ya ukanda kuna utepe wa butili ulio laini kama ulimbo, na vyote vimekazwa kwa skrubu. Nyumba ikishajengwa inatulia. Trela kila likitembea linatikiswa, skrubu zinalegea kidogo kidogo, utepe unakauka kwa jua, na mvua ikikukuta njiani mwendo wenyewe unayasukuma maji kwenye mianya. Yakishaingia hayana pa kutokea. Hakuna hewa mle, na ganda la nje halipitishi mvuke. Mbao zinakaa ndani ya maji huku rangi ya ndani ikiendelea kung'aa.

Nilimwambia Mzee kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya nyumba za udongo. Humu ukiuona ufa, ukuta umekwisha kuoza siku nyingi."

Nilinunua mita ya unyevu, ile yenye sindano mbili za kuchoma kwenye mbao. Ningekuwa nayo siku ya kununua trela, nisingekuwa na habari hii ya kusimulia. Usomaji chini ya asilimia 15 ni mkavu wa kutosha. Kati ya 15 na 20 unafuatilia. Ukipita 20 kuna mahali maji yanaingia, na ukipita 30 tarajia mbao zilizooza. Nilipima kila sentimita 20, nikaandika namba kwa penseli palepale ukutani. Kona ya kitanda ilisoma 38. Kadiri nilivyopanda namba zilikuwa 33, 29, 31, na chini ya ile taa ndogo zikarudi 36. Ukuta wa upande wa pili wote ulikuwa 11 na 12. Nilipokwisha niliona njia ya maji imejichora yenyewe, kuanzia kwenye taa hadi kwenye mto wangu wa kulalia.

Kabla ya kufungua ukuta mwenyewe nilijaribu karakana. Sikuwa na uzoefu na niliogopa kuharibu zaidi. Trela lilikaa huko wiki 7. Liliporudi, taa ilikuwa imezungushiwa silikoni mpya, plaiwudi ya kona imebadilishwa, na nikaambiwa kazi imekwisha. Nikachoma mita katikati ya ukuta. Ikasoma 34. Waliziba unyevu ndani, wakanirudishia. Nilikasirika sana, na bado nikikumbuka nakasirika, kwa sababu mbao zilizofungiwa maji huendelea kuoza hata kama tone jingine haliingii. Baadaye nilielewa sehemu yangu katika hilo. Nilikuwa nimewaandikia "ondoeni doa," nao wakaondoa doa. Sikuwataka wanionyeshe picha za ukuta ukiwa wazi, wala sikupima nao namba kabla na baada. Sasa makubaliano yangu na fundi yeyote huanzia hapo. Tunapima pamoja, tunaandika, na ukuta haufungwi hadi nimeuona.

Tuliufungua wenyewe, mimi na Mzee. Mti wa kona ulitoka kwa vidole, mweusi, unasagika kama tumbaku kuukuu. Tuliondoa kila kilichokuwa laini na tukaendelea kukata mbele hadi tukakuta mbao ngumu, halafu tukaacha. Hapo Mzee alinizuia nisifanye chochote kwa siku 16. Feni moja ndani, mashine ya kukausha hewa, turubai juu. Kila jioni nilipima. Nilitamani kufunga ikiwa 19; alikataa. Tulifunga ikiwa 12. Miti mipya tuliiunganisha na ya zamani kwa gundi na skrubu, si misumari. Ukanda wa alumini tuliung'oa wote upande ule, tukakwangua butili ya zamani, tukaweka mpya, na pale inapokamuliwa nje skrubu zinapokazwa tukaikata kwa kisu cha plastiki. Juu ya paa tulitumia gundi zinazokubaliana na raba: nyepesi inayojisambaza yenyewe kwa sehemu zilizolala, nzito isiyoteremka kwa sehemu zilizosimama. Ukibadilisha hizo mbili nafasi, ya kwanza itakushukia ukutani kama nta ya mshumaa.

Ukuta ukiwa wazi niliona jambo lililonibadilisha fikra kuhusu wenye trela walionitangulia. Nilikuwa nimewalaumu kwa kila kitu. Lakini mle ndani kulikuwa na pini za kubania zaidi ya dazeni zilizokosa mti kabisa, zimechoma povu tupu tangu kiwandani. Waya wa taa ulikuwa umebanwa kati ya mti na plaiwudi hadi ganda lake likachanika. Mtu alikuwa ametoboa tundu la bomba mahali pabaya, akatoboa jingine pembeni, akaliacha la kwanza wazi. Nilipofungua sakafu ya bafu nilitoa viganja viwili vya vumbi la msumeno na mabaki ya plastiki. Kilichotengenezwa haraka na watu wengi, kila mmoja akifanya hatua yake na kupisha, kinabeba haraka hiyo kwa maisha yake yote. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema trela jipya halina shida hizi. Tofauti ni kwamba kwenye jipya shida hazijapata mvua za kutosha. Lililotumika lina faida moja: likiwa na miaka 10 na kuta kavu, limeshathibitisha ubora wake.

Magurudumu ndiyo yaliyonitia hofu kuliko maji. Maji huharibu mali, lakini gurudumu linaweza kuua mtu aliye kwenye gari jingine, asiyejua hata kama una trela.

Matairi yalikuwa na meno mazuri, karibu mapya. Muuzaji alinionyesha hilo kwa fahari, na nadhani naye aliamini. Sikujua kwamba tairi la trela huzeeka kwa kusimama. Linakaa miezi mahali pamoja, limebeba mzigo uleule kwenye sehemu ileile, jua linalikausha, raba inapoteza uhai kwa ndani huku meno hayajaguswa na barabara. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, mwishoni mwa ule mfululizo unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalisema 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Nilikuwa ninayatumia mwaka 2020. Ushauri unaotolewa sana ni kuyabadilisha yakiwa na miaka 5 hadi 6, hata kama meno yote yapo. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko ubavu wa ndani, na huna budi kulala chini na tochi ili uzisome.

Mimi nilizisoma baada ya tairi kupasuka. Tulikuwa barabarani, mwendo wa kawaida, mchana wa joto. Sikusikia mlio, nilihisi gari linavutwa, kisha kwenye kioo nikaona vipande vyeusi vikiruka. Mkanda wa chuma wa ndani ya tairi uliochanika ulikuwa umepiga sakafu kutokea chini, ukakata bomba la maji na kung'oa waya wa breki wa gurudumu lile. Tulisimama salama. Mke wangu alishuka, akakaa kwenye majani ya pembeni, akanyamaza kwa muda mrefu.

Baada ya siku ile niliweka trela kwenye jeki na kuanza upya kutoka chini. Matairi mapya hayakutosha, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yameliwa upande mmoja, na tairi haliliwi upande mmoja bila sababu. Nilifuata swali la Mzee. Chanzo kilikuwa bushi, vile vibomba vya plastiki vinavyozunguka boliti zinazoshikilia springi. Zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasugua chuma, matundu yamekuwa marefu kama yai, na ekseli imekaa upande. Hakuna mtu anayeziona bushi hizo bila kuzifungua. Niliweka za shaba nyeusi na boliti zenye tundu la grisi.

Kwenye beringi nilikuta kosa la kinyume, la mtu aliyefanya kazi kupita kiasi. Alikuwa amepiga grisi kwa pampu kupitia chuchu ya nje hadi ikasukuma sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia grisi, na kumwagika kwenye breki. Breki za trela langu ni za umeme: sumaku inajivuta kwenye ngoma inayozunguka na kukaza vipande vya breki. Vipande vikishalowa grisi havisafishiki, ni kubadilisha. Tangu hapo nafungua beringi mara moja kwa mwaka, naziosha, nazitazama kama zina madoa ya kuungua, nazipaka kwa mkono na kuweka sili mpya. Nati za magurudumu nikizifunga nazikaza kwa spana yenye kipimo, halafu nasimama kuzikaza tena baada ya kilomita 15, kisha 40, kisha 80. Kila nikisimama mke wangu hushuka na mimi. Hanikumbushi tena, anashika tu spana na kunipa.

Betri ya trela ilikufa miezi mitatu baada ya kununuliwa mpya. Nikanunua nyingine. Nayo ikaanza kunuka kama mayai viza. Ndipo nilipopima umeme unaoingia ndani yake badala ya kuilaumu: volti 14.8, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo, wakati betri iliyojaa inapaswa kushikiliwa kwenye 13.2 hadi 13.6 hivi. Chaja iliyojengewa ndani ya trela ilikuwa inaichemsha. Maji ya betri yalikuwa yameshuka chini ya sahani za risasi. Hilo lingebaki jambo la kero na gharama, ila kuna kitu nilikigundua kwa bahati siku hiyohiyo. Kwenye mkono wa kukokotea kuna swichi yenye pini na kamba ya chuma. Trela likichomoka kwenye gari, pini inang'oka na breki za trela zinashika zenyewe. Umeme wa breki hizo unatoka kwenye betri. Niliing'oa pini kwa mkono, nikajaribu kulisukuma trela. Likasogea. Miezi yote ile, kwa sababu ya chaja mbovu, ile kinga ya mwisho haikuwepo. Sasa hakuna safari ninayoanza bila kung'oa pini ile na kusikia sumaku zikishika. Nairudisha mara moja, kwa sababu ukiiacha nje sumaku huungua.

Friji nusura niitupe. Ilipoa usiku, mchana ikawa vuguvugu. Friji za namna hii hazina kompresa. Ziliwezekana kwa kazi ya wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na mpaka leo zinafanya kazi kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa moto wa gesi au umeme, pamoja na hidrojeni, bila pampu yoyote. Kimiminika kinarudi kwa uzito wake chenyewe. Kwa hiyo trela likiinama sana, mzunguko unakwama na mirija inaweza kuharibika moja kwa moja. Nilinunua pima maji ya seremala, nikasawazisha. Ikapata nafuu, haikupona. Ukiona unga wa njano nyuma yake au ukanusa amonia, imetoboka. Usiuguse unga huo kwa mikono mitupu, ni sumu, na friji hiyo haijazwi upya. Yangu ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa nafasi kati ya mgongo wa friji na ukuta: mjenzi aliacha pengo pana, hewa ya moto ikawa inazungukazunguka palepale badala ya kupanda na kutoka juu. Niliweka bati jembamba la alumini la kuielekeza hewa kwenye mirija, na feni ndogo ya volti 12. Friji ileile, haikuguswa ndani, inashika baridi mchana kutwa.

Kuhusu gesi sina maneno mengi, ila sina utani nalo. Povu la sabuni kwenye kila kiungo, kila msimu. Hita ya hewa haikuwaka kwa sababu nyigu walijenga kiota cha udongo kwenye tundu lake la nje, niliweka wavu. King'amuzi cha gesi kilikuwa na taa ya kijani inayowaka vizuri, na nyuma yake tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa miaka minne. Taa ile ilithibitisha kwamba umeme upo tu. Nilikibadilisha siku hiyo pamoja na kile cha kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ving'amuzi hivi vina umri, mara nyingi miaka 5 hadi 7 au zaidi kidogo kwa vya kaboni monoksaidi, na tarehe iko nyuma, mahali usipopaona mpaka ufungue skrubu.

Vipimo vya tanki la choo vilisema limejaa wakati wote. Vitambuzi vilikuwa vimegandiwa na karatasi. Maji mengi, sabuni, na safari ya kilomita chache tanki likiwa na maji nusu vilisaidia. Lakini nimejifunza kuhesabu siku kuliko kuamini taa hizo.

Jambo jingine la barabarani. Baada ya matengenezo yote trela lilianza kuyumba mkia kwenye mteremko. Niliukamata usukani nikidhani ni upepo, baadaye nikashuku ekseli. Tulilipeleka kwenye mizani. Uzito unaokaa kwenye mkono wa kukokotea unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa. Wangu ulikuwa 7. Nilikuwa nimeweka sanduku la vifaa vya ukarabati, vile vyote nilivyokuwa nimenunua, kwenye kabati la nyuma kabisa, juu ya tanki lililojaa. Nikahamishia sanduku mbele ya ekseli na kumwaga tanki. Kuyumba kukaisha.

Niliwahi kurudi kwa muuzaji. Nilikuwa na picha, tarehe na namba za mita, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alizitazama picha moja moja. Akasema alilimiliki kwa miaka miwili tu, alilinunua likiwa na rangi hiyohiyo, na hakuwahi kuinua godoro lile. Nilimtazama usoni, nikajiona mimi wa wiki ya kwanza. Karatasi ya mauziano ilisema nimelichukua kama lilivyo, na niliisaini. Sikurudi tena. Ila naamini anayeuza akijua, akapiga rangi juu ya kuoza ili mwenzake asione, amefanya dhuluma, hata kama karatasi inamlinda.

Nina daftari sasa. Kila mwezi wa mvua napima sehemu zilezile 14 na kuandika. Mara mbili kwa mwaka napanda paani na ndoo ya maji na kitambaa, nakagua kila mshono kwa kidole, kwa sababu macho hupita juu ya nywele ya ufa ambayo kidole huihisi. Mzee akiwa na nguvu huja, anakaa kwenye kiti chini na kuniuliza naona nini. Mwaka jana alinishusha mara mbili nikaangalie tena taa ileile ndogo ya njano.

Wiki iliyopita rafiki yetu alituomba twende naye kutazama trela analotaka kununua. Zuri kweli, viti vya ngozi, mapazia mapya. Yeye na mkewe walikaa mezani wakifungua droo. Mwenye trela alikuwa anaelezea jiko. Mke wangu aliniangalia, akaenda moja kwa moja kitandani, akainua godoro na kusogea pembeni nipite. Kona ilikuwa kavu, nyeupe, imepakwa rangi vizuri. Nilitoa mita mfukoni, nikachoma.

Ishirini na saba.

Nilimwita rafiki yangu aje aisome mwenyewe. Mwenye trela naye alikuja, akainama, akaitazama namba kwa mshangao ambao sidhani ulikuwa wa kuigiza.

"Sasa, kaka, hayo maji yametoka wapi?" aliniuliza.

Nikamwuliza kama ana ngazi.